Ukimaliza Sahani Yako, Nani Ameshiba?

Hotuba hii niliitoa kwenye mkutano wetu Jumamosi iliyopita. Waliokosa wameomba niiweke yote, nami nimeiandika karibu kama nilivyoisema. Picha za ukutani nimeziacha, maana hazikuongeza lolote.

Ndugu zangu, wazee wetu, vijana, na ninyi mliokaa nyuma karibu na mlango ili mtoroke mapema, nawasalimu nyote.

Kabla sijaanza, naomba tuhesabu kidogo. Waandaaji wameniambia waliojiandikisha ni watu 120. Mimi nimeketi hapa mbele tangu asubuhi sina kazi, nikahesabu vichwa. Tupo 83. Wale 37 wako wapi? Sijui, na sina neno nao. Swali langu ni jingine: chakula cha mchana kimepikwa kwa watu wangapi?

Wapishi wananiangalia kwa jicho kali. Kimepikwa kwa watu 120. Kwa hiyo hapo nyuma ya ukuta, hivi ninavyozungumza, kuna sahani 37 zisizo na mwenyewe. Ziwekeni akilini. Tutazirudia.

Nilipokuwa mtoto, mama yangu alikuwa na sheria moja: hakuna kuinuka na sahani yenye chakula. Ukibakiza unaambiwa, "Kuna watoto wenzako leo wamelala na njaa, wewe unachezea chakula." Basi tulikuwa tunameza bila kutafuna, ili kiishe. Siku moja mdogo wangu, ambaye tangu utotoni hakujua kunyamaza, akauliza: "Mama, nikimaliza hiki, wao watashiba?"

Kimya. Sisi wakubwa tukainamisha vichwa, maana tulijua kinachofuata. Mama akamtazama, akamtazama, kisha akasema neno moja tu: "Kula."

Ndugu zangu, nimeishi na swali lile miaka mingi. Mama hakulijibu. Shuleni hakuna aliyelijibu. Kwenye mimbari nimesikia mara nyingi kwamba kutupa chakula ni kufuru, na naamini, lakini swali la mdogo wangu halikuwa hilo. Yeye aliuliza jambo dogo, la wazi: wao watashiba?

Jibu ni hapana. Hawatashiba.

Tuliseme kwa sauti, tusiogope. Tonge lililobaki kwenye sahani yako lina njia mbili tu, tumboni kwako au kwenye ndoo ya taka. Hakuna njia ya tatu inayotoka mezani kwako hadi kwa mtoto usiyemjua. Na tonge ambalo mwili wako hauhitaji, ulilolisukuma kwa maji ili mama aridhike, je, hilo limeokolewa? Limetupwa vilevile. Tofauti ni kwamba limepitia tumboni kwako kwanza.

Sasa mwerevu mmoja hapa ataniambia, "Vizuri, kwa hiyo haidhuru. Nikitupa, nisipotupa, mwenye njaa yuko palepale." Ninyi mnaotikisa vichwa, subirini. Mwerevu huyu ana nusu ya ukweli, na nusu hiyo ni kubwa. Naomba nimpe haki yake kwanza.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2024 watu wapatao milioni 673 walikuwa na njaa. Ni mtu mmoja katika kila 12 hivi. Na Shirika la Mazingira la Umoja huohuo, UNEP, lilikadiria kuwa mwaka 2022 tani bilioni 1.05 za chakula zilitupwa majumbani, mahotelini na madukani. Tani bilioni! Mtu akiweka hesabu hizi mbili bega kwa bega, moyo wake unamwambia: chukua hapa, weka pale, kazi imekwisha. Kana kwamba njaa ni shimo, na chakula kinachotupwa ni kifusi cha kulifukia.

Lakini dunia hii ina upungufu wa chakula? Ukigawa chakula kinachopatikana duniani kwa watu wote, kila mtu anapata zaidi ya kilokalori 2,800 kwa siku. Hiyo ni baada ya vyote tulivyolisha mifugo na kuchoma kwenye injini. Kinatosha. Kilikuwa kinatosha jana, na juzi. Basi kwa nini watu wana njaa?

Niwapeleke Bengal, mwaka 1943. India ingali chini ya Waingereza, na vita vya pili vya dunia vinaendelea. Mwaka ule, na miezi iliyofuata, watu kati ya milioni 2 na milioni 3 walikufa kwa njaa na kwa maradhi yaliyofuatana nayo. Mtoto mmoja wa miaka tisa aliwaona wakija kuomba nyumbani kwa babu yake. Jina lake Amartya Sen. Babu akampa kopo dogo la sigara, akamwambia: lijaze mchele uwape, lakini kopo moja kwa kila familia, usizidishe.

Fikirini mtoto huyo na kopo lake. Anachota, anatoa. Anachota, anatoa. Na kuna jambo lililomkaa kuliko lile kopo: katika jamaa zake na watoto aliosoma nao, hakuna aliyekosa chakula. Hata mmoja! Njaa ilipita ikichagua. Tunasema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Hapa waliishi mtaa mmoja, msimu mmoja, na bado ilikuwa hivyo.

Mtoto akakua, akawa mwanauchumi, akarudi kwenye hesabu za mwaka ule. Mwaka 1981 akachapisha alichokikuta. Kwa hesabu zake, chakula kilichokuwepo Bengal mwaka 1943 hakikuwa kidogo kuliko cha mwaka 1941, na mwaka 1941 watu hawakufa namna ile. Kilichobadilika ni bei. Vita viliipandisha, walanguzi wakaisukuma, na ujira wa vibarua wa mashambani ukabaki palepale. Wapo wataalamu waliobishana naye juu ya hesabu hizo, na wanabishana hadi leo. Ila ukiondoa ubishi wote, hili linabaki: mchele ulikuwepo sokoni, na waliokufa hawakuwa na cha kuununulia.

Ireland ilikuwa hivyohivyo, kuanzia mwaka 1845, maradhi yalipoteketeza viazi. Watu wapatao milioni 1 walikufa. Na katika miaka hiyohiyo meli ziliendelea kuondoka bandarini zikiwa na nafaka, siagi na mifugo kwenda Uingereza. Walioupanda mpunga wa Bengal na waliofuga ng'ombe wa Ireland walikitazama chakula kikiwapita.

Sasa niambieni. Familia moja ya London mwaka 1847 ingemaliza kila punje iliyokuwa mezani pake, mtoto wa Ireland angeshiba? Asingeshiba. Njaa huanzia mfukoni, ndipo inashuka tumboni. Huanzia kwa mwenye ardhi na asiye nayo, mwenye ujira na asiye nao, mwenye bunduki na asiye nayo. Mahali penye vita leo, malori ya chakula yanasimama kwenye vizuizi, mzigo ukiwa ndani. Utamwambia nani amalize sahani?

Hiyo ndiyo nusu ya mwerevu wetu. Nimempa yote, sikumpunja.

Nusu ya pili ni yetu. Naianza ghalani, kwa sababu huko ndiko swali la mdogo wangu linapogeuka na kupata jibu tofauti.

Tuna methali: akiba haiozi. Methali nzuri sana, ila aliyeitunga hakuwa na ghala lenye fukusi. Shangazi yangu alikuwa nalo. Kila mwaka aliuza nafaka yake wiki ileile ya mavuno, wakati kila mtu anauza na bei iko chini miguuni. Tulimwona hana akili ya biashara. "Shangazi, si usubiri miezi minne, mitano?" Akatujibu, "Nisubiri nini? Unga wa fukusi?" Kisha miezi sita baadaye alikuwa anakwenda kwa mfanyabiashara yuleyule, ananunua nafaka ya aina ileile, pengine iliyotoka shambani kwake mwenyewe, kwa bei ambayo sitaki hata kuikumbuka.

Mnaona? Huyu hakutupa kitu. Hakubakiza hata tonge. Lakini chakula kilichopotea, na kile alichokiuza kwa hofu ya kupotea, kilikuwa ndicho kile ambacho watoto wake walikikosa miezi michache mbele. Upotevu na njaa vililala chini ya paa moja.

FAO, Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, wanakadiria kuwa asilimia 13 hivi ya chakula duniani hupotea baada ya mavuno na kabla ya kufika dukani. Kinaliwa na wadudu, kinavunda, kinashikwa na sumukuvu, au kinaozea barabarani kwa kukosa ubaridi. Kwa chakula hiki, ndugu zangu, jibu la swali la mdogo wangu ni ndiyo. Ukikiokoa, wao watashiba, kwa sababu hao ndio wenye nacho.

Na mara nyingi dawa yake si ghali. Mtanisamehe, habari hii huwa naipenda kupita kiasi. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Purdue cha Marekani walikuwa Kameruni wakishughulika na kunde, maana kunde zilikuwa zinaliwa na wadudu kabla hazijaliwa na watu. Wakatoka na mfuko. Basi, mfuko tu. Leo unaitwa PICS. Una tabaka 3: mbili za plastiki nene kwa ndani, na kiroba cha kawaida kwa nje. Unajaza nafaka iliyokauka vizuri, unaikandamiza hewa itoke, unafunga kila tabaka kwa nguvu. Hakuna sumu wala unga wa kunyunyiza.

Ndani kinatokea nini? Wadudu waliofungiwa humo wanaivuta hewa iliyobaki mpaka oksijeni inakuwa haba. Wanaacha kula, wanaacha kuzaana. Na mnajua kinachowaua mwishoni? Kiu! Mdudu huyu hanywi maji. Maji yake huyatengeneza mwilini kwa kutumia oksijeni, na oksijeni ikikosekana anakauka akiwa amelala juu ya chakula. Mimi niliposoma hilo nilimfikiria shangazi, nikacheka peke yangu.

Kwa hiyo kama kuna mtu hapa ana shilingi moja tu ya kupambana na upotevu wa chakula, na anataka shilingi hiyo imguse mwenye njaa moja kwa moja, namwambia asiipeleke kwenye mabango ya kutuhimiza sisi tumalize sahani. Aipeleke ghalani, au kwenye chumba cha baridi, au kwenye turubai la kukaushia nafaka. Kuna watakaonikasirikia kwa kusema hivi, na wachache wamo humu.

Sasa turudi jikoni kwetu. Msifurahi, sijamaliza nanyi.

Mwaka jana nilitundika daftari jikoni, juu ya ndoo ya taka. Sheria: kwa wiki mbili, kila chakula kinachoingia humo kiandikwe, na kiandikwe kwa nini. Wiki ya kwanza daftari lilikuwa safi ajabu. Nikaanza kujivuna. Kisha nikagundua watu wangu wanatupa taka usiku, nimelala. Tukakaa kikao, tukasameheana, tukaanza upya.

Wiki zile mbili zilinifundisha mengi. Safu ya "kwa nini" ilikuwa hivi: nilisahau kilikuwa nyuma ya jokofu. Kilikuwa na punguzo la bei. Nilidhani kimeharibika. Wageni hawakuja. Nilisahau. Nilisahau. Wageni hawakuja. Makombo ya sahani yalikuwepo, lakini yalikuwa kidogo tu. Hasara kubwa ilianzia dukani na kwenye sufuria, tulipopika kwa macho badala ya matumbo. Mama yangu, Mungu ambariki, alikuwa analinda mlango wa mbele, na mwizi alikuwa anaingilia wa nyuma.

Hapo "nilidhani kimeharibika" nisimame kidogo. Tarehe zilizoandikwa kwenye pakiti si za aina moja. Ile inayosema "tumia kabla ya" inahusu usalama wako, iheshimu. Ile inayosema "bora kabla ya" inahusu ladha na ubora, na chakula hakigeuki sumu usiku wa manane tarehe hiyo ikipita. Sisi tulikuwa tunatupa kwa kufuata zote mbili sawasawa. Haya, tuendelee.

Nyumba yangu si ya ajabu. UNEP wanakadiria kwamba mtu mmoja, kwa wastani wa dunia, hutupa nyumbani kilo 79 za chakula kwa mwaka. Ndani yake mna maganda na mifupa, nisiwaongopee. Lakini chukueni familia ya watu watano: karibu kilo 400. Zaidi ya kilo moja kila siku inayokuja. Na msiseme hayo ni ya matajiri wa mbali. Walipolinganisha nchi tajiri na zile za kipato cha kati, tofauti ya wastani wa majumbani haikupita kilo 7 kwa mtu.

Korea Kusini walilishughulikia kwa njia yao. Mwaka 2005 wakapiga marufuku kufukia mabaki ya chakula kwenye dampo. Mwaka 2013 wakaanzisha kulipia mabaki kwa kiasi unachotupa. Kwenye majengo mengi kuna pipa lenye mizani. Unaonyesha kadi, pipa linafunguka, linapima, na unaona uzito wako kwa macho yako. Ni daftari langu, ila lenye meno. Sehemu kubwa ya mabaki hayo sasa hugeuzwa chakula cha mifugo, mbolea na gesi. Ni jambo zuri, ingawa mbolea si sawa na chakula cha mtu, tusichanganye.

Lakini bado sijajibu. Kilo zangu 400 zinamhusu nini mwenye njaa?

Zinamhusu kwa bei. Februari 2022 vita vya Ukraine na Urusi vilipamba moto, nchi mbili zinazouza ngano nyingi sana duniani. Mwezi uliofuata kipimo cha FAO cha bei za vyakula kilifika juu kuliko wakati wowote tangu kuanza kurekodiwa. Watu ambao hawakuwa na habari na vita hivyo waliamka wakakuta mkate umepanda. Hilo linatuambia nini? Sufuria zetu zimeunganishwa kwa chini, na mfereji huo unaitwa bei. Ninaponunua kilo moja ya kutupa, navuta kwenye mfereji uleule anaovuta mtu ambaye nusu ya kipato chake, au zaidi, inaishia kwenye chakula. Mimi bei ikipanda nanung'unika. Yeye anaondoa mlo.

Je, nikiacha kutupa, bei itashuka kesho? Haitashuka. Mimi peke yangu sionekani hata kwa darubini. Tukiacha mamilioni, itashuka kidogo. Na ikishuka, wapo wakulima watakaoumia, na sisi wengine tutachukua tulichookoa tukakinunulia vitu vingine. Sipendi kuwapa hesabu iliyopakwa sukari. Mfereji upo, lakini ni mwembamba.

Zinamhusu pia kwa mvua. Chakula kinachopotea na kutupwa kinachangia kati ya asilimia 8 na 10 ya gesi zote zinazochemsha dunia, tukihesabu shamba lililolimwa, maji yaliyonyweshwa, lori lililosafiri, na methani inayotoka dampo kinapooza bila hewa. Na joto hilo linamwangukia nani kwanza? Anayetegemea mvua moja kwa mwaka. Anayelipa ni mtu ambaye hakukigusa chakula chenyewe.

Na zinamhusu, zaidi ya yote, kwa jambo ambalo tunalikwepa. Naomba mnisikilize hapa, hata ninyi wa mlangoni.

Nilipolifunga daftari, tukaanza kupika kidogo na kununua kidogo. Kila mtu anapakua kidogo, anaongeza akitaka. Mtoto halazimishwi tena. Mwisho wa mwezi nikakuta nini? Sikukuta gunia la chakula nililookoa. Nilikuta pesa.

Pesa, ndugu zangu! Chakula changu hakiwezi kuvuka mpaka. Kitaoza njiani, na nauli itakuwa kubwa kuliko thamani yake. Pesa inavuka. Pesa inaingia kwenye simu ya mtu dakika hiihii, na yeye anakwenda kununua kwa jirani yake aliyelima, na jirani naye anapata. Kumbukeni Bengal: mchele ulikuwepo, kilichokosekana ni cha kuununulia. Mtoto yule mwenye kopo la babu alikuwa anatoa mchele, na alifanya vyema. Lakini alipokuwa mtu mzima alituonyesha kwamba kopo lilikuwa linaziba pengo la ujira.

Basi tukaweka bahasha kwenye kabati la vyombo. Tofauti ya matumizi ya mwezi inaingia humo. Miezi mitatu ya kwanza tukaipeleka kwenye chakula cha mchana cha shule iliyo karibu. Watoto zaidi ya milioni 400 duniani hupata chakula shuleni, na kwa wengi wao ndio mlo wa uhakika. Mwezi wa nne paa likavuja, tukaila bahasha wenyewe. Mwezi wa tano tukaila tena, na safari hiyo paa halikuvuja. Nawaambia haya ili msidhani mnahutubiwa na mtakatifu. Mwezi wa sita tukarudi.

Kwa hiyo mdogo wangu alikuwa sahihi, na mama naye hakukosea sana. Alichokosa ni sentensi ya pili. Ukila kiasi chako, wao hawatashiba. Ukila kiasi chako na ukatuma kilichobaki mfukoni, mmoja wao atashiba. Sehemu ya kwanza bila ya pili ni usafi wa nyumba tu, na mimi sina ugomvi na usafi wa nyumba, ila tusiuite ukarimu.

Sasa, zile sahani 37.

Hapa niliwauliza wapishi ziko wapi. Mpishi mkuu akajibu kutoka mlangoni: "Hatujapakua. Ziko kwenye sufuria, za moto."

Mmesikia? Hazijapakuliwa. Hapa ndipo mahali pekee ambapo chakula chenyewe kinaweza kutembea, kwa sababu mwenye njaa hayuko ng'ambo ya bahari, yuko mwendo wa dakika kumi. Mwaka 1967 huko Phoenix, Marekani, bwana mmoja aitwaye John van Hengel alikutana na mama aliyekuwa akilisha watoto wake kwa vitu vilivyotupwa kwenye mapipa ya duka. Mama yule akamwambia pangekuwa na mahali pa kuweka vyakula hivyo badala ya kuvitupa, watu wakaja kuvichukua, kama wanavyoweka na kutoa fedha benki. Bwana yule akaanzisha mahali hapo, na ndiyo ikawa benki ya chakula ya kwanza. Wazo lilikuwa la mama wa kwenye mapipa. Ufaransa, mwaka 2016, wakalifikisha hadi kwenye sheria: duka lenye zaidi ya mita za mraba 400 haliruhusiwi kuharibu chakula kinacholika, na lazima liwe na mkataba na wanaogawa misaada.

Benki hizo hazijamaliza njaa popote, na mtu mwenye kazi ya ujira mzuri hapangi foleni ya mabaki ya wenzake. Tusimfanye maskini kuwa jalala letu la heshima. Lakini leo, saa hii, tuna sufuria ya moto, safi, haijaguswa na mkono wa mtu, na chakula kilichopikwa hakitakiwi kukaa nje zaidi ya saa mbili.

Nani anajua mahali? Walinzi wa jengo hili, wangapi? Sita. Haya, sita. Kuna nyumba ya wazee hapo juu, nani ana namba yao? Dada uliyenyoosha mkono, simu yako ina salio? Basi usiwaambie tunawaletea, waulize kwanza kama wanahitaji na wako wangapi. Piga sasa hivi, sisi tunakusubiri. Nani ana gari? Nani ana vyombo vyenye mifuniko?

Hotuba iliishia hapo, maana nusu ya watu walikuwa wameshasimama. Nyumba ya wazee walisema 22. Walinzi walikula sita. Tisa zilizobaki wapishi walizigawana, na hawakutaka tuwaulize. Ninyi mliokosa, chakula chenu kililiwa kabla ya saa nane. Mwaka ujao, kama hamji, semeni Alhamisi.